Barua za Ellen Terry na Bernard Shaw: Usomaji wa Upande wa Pili

Mwaka 1931, miaka mitatu baada ya kifo cha mwigizaji Ellen Terry, kilichapishwa kitabu cha barua alizoandikiana na Bernard Shaw. Tangu hapo wengi wamekisoma kama kisa cha mapenzi ya karatasini, kwani wawili hawa walipendana kwa kalamu miaka kadhaa kabla ya kukutana na kuzungumza. Usomaji huo si wa uongo, ila ni wa Shaw: ndiye aliyeandika dibaji, na ndiye aliyekuwa hai. Katika makala haya twataka kuzisoma barua hizo kutoka upande wa pili.

Terry alizaliwa mwaka 1847 katika ukoo wa waigizaji, akapanda jukwaani mwaka 1856 angali mtoto. Tangu mwaka 1878 alikuwa mwigizaji mkuu wa kike wa Lyceum, jumba la maigizo la Henry Irving mjini London. Msomaji aliyesoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere, anaweza kumwona mara moja akilini: Portia alikuwa miongoni mwa wahusika waliomjengea sifa, Irving akiwa Shylock. Mwaka 1892 aliliandikia gazeti la The World kumtafutia shauri mwimbaji mmoja kijana, naye Shaw, mhakiki wa muziki wa gazeti hilo, akapewa kazi ya kumjibu. Ndiyo asili ya barua hizi.

Fundo lenyewe lilifungwa mwaka 1895. Mwaka huo Shaw aliingia katika Saturday Review akiwa mhakiki wa tamthilia, akaanza kumwandama Irving: kwamba anamkatakata Shakespeare, kwamba anawapa kisogo waandishi wapya kama Ibsen. Hapo hapo alitamani Irving huyo huyo aigize pamoja na Terry tamthilia yake fupi juu ya Napoleon, The Man of Destiny. (Irving aliirudisha mwaka 1897, na sisi hatumshangai.) Basi Terry alikuwa akipokea barua tamu kutoka kwa mtu aliyemshambulia hadharani mwajiri wake na mwenzake wa jukwaani.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi katika Septemba 1896, Lyceum ilipokuwa ikitayarisha Cymbeline. Terry, mwenye umri wa miaka 49, alikuwa Imogen. Shaw alimwandikia barua ndefu za mafunzo, hasa kuhusu tukio ambapo Imogen anazinduka kando ya maiti isiyo na kichwa, akidhani ni ya mumewe. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 22. Tarehe 26 uhakiki wa Shaw ulitoka gazetini, ukimshutumu Irving na hata Shakespeare mwenyewe. Mhakiki anamfunza mwigizaji kwa siri, kisha anaketi kwenye kiti cha hakimu! Wasomaji wa gazeti hawakujua. Terry alijua, na ilimpasa kurudi kila usiku jukwaani kusimama mbele ya Irving.

Tusimdhulumu Shaw. Barua zile ni somo adimu la uigizaji. Ni wahakiki wachache waliowahi kueleza hivyo namna wazo linavyopita mwilini kutoka sentensi hadi sentensi. Lakini ufasaha wake unamfunika Terry, ambaye barua zake ni fupi, za haraka, zenye maneno mengi yaliyopigiwa mstari. Msomaji mvivu huziona kama porojo za mapumziko. Sisi twaziona kama maandishi ya mtu ambaye hoja yake ya mwisho ataitoa kwa sauti na mwili, si kwa wino.

Tena Imogen ni mhusika anayeangamizwa na barua. Waraka mmoja wa mumewe unamwita safarini kwa maneno ya mapenzi; waraka wa pili, ambao mtumishi anamwonyesha njiani, unaagiza auawe. Terry alielewa uzito wa karatasi ya namna hiyo mkononi mwa mwigizaji. Miongoni mwa mihadhara yake juu ya Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1932, mmoja unahusu barua zilizomo katika tamthilia hizo. Yule anayedhaniwa kuwa mwanafunzi wa Shaw alikuwa na somo lake mwenyewe, tena juu ya barua!

Kuhusu uchapishaji, watoto wake waligawanyika. Binti yake, Edith Craig, aliunga mkono; mwanawe, Edward Gordon Craig, mtaalamu mashuhuri wa jukwaa aliyemheshimu Irving kama mwalimu wake, alikasirika na kutoa kitabu chake cha kupinga mwaka huo huo. Hasira yake inamfanya awe mkali kupita kiasi, lakini swali lake halijajibiwa: Irving, aliyefariki mwaka 1905, anatajwa kila mara katika barua hizi, na hakuna mahali anapojitetea.

Smallhythe, katika nyumba alimofia Terry, vitabu vyake vya tamthilia vimehifadhiwa vikiwa na maandishi ya mkono wake pembeni mwa kurasa. Anayetaka kuhakiki barua za Shaw juu ya uigizaji aanze na pembe hizo, kisha ndipo aifungue dibaji ya mwaka 1931.