Kutoka Utando wa Kitunguu Hadi Serengeti

Seli, tishu, ogani, mfumo, kiumbe. Mwanafunzi anaweza kuyakariri maneno haya matano kabla kengele haijalia, akayaandika kwenye mtihani na kupata alama zote, na bado asiwe ameelewa lolote kuhusu uhai. Ndiyo maana namheshimu sana mwalimu wa bayolojia anayejua kulifundisha somo hili. Kuorodhesha ngazi ubaoni ni kazi ya dakika mbili. Ufundi wake umo katika kumvusha mtoto kutoka ngazi moja hadi nyingine, akaona kwamba kila anapopanda, kuna jambo limezuka ambalo huko chini halikuwepo.

Huanza na kitunguu. Hukikata vipande vinne, akabandua tabaka moja nene, kisha kwa kibanio akavuta ule utando mwembamba wa upande wa ndani, mwepesi kiasi kwamba pumzi tu huukunja. Hapa ndipo mikono ya wanafunzi inapofunzwa subira. Utando utandazwe juu ya kioo bila kukunjamana, tone la iodini lidondoshwe, kifuniko kishushwe kwa kulazwa pole pole kutoka upande mmoja ili hewa itoke. Wakiharakisha, viputo vya hewa hunaswa humo, na wengi huchora viputo hivyo, miduara yenye kingo nyeusi nene, wakidhani ndizo seli. Mwalimu mzuri hafoki. Husogeza kioo kidogo, akasema, “Tazama tena. Tafuta zilizopangana.” Mara mtoto anaziona: vyumba virefu vilivyobanana ukuta kwa ukuta, na ndani yake kiini chenye rangi ya kahawia kimesogea pembeni. Mwaka 1665 mwanasayansi Robert Hooke aliona kuta tupu, kwa kuwa gamba la kizibo alilolitazama lilikuwa limekwisha kufa. Mtoto wa sekondari ya kata, mwenye kitunguu kibichi na hadubini moja inayogombaniwa na darasa zima, anaona kuliko alivyoona Hooke.

Kisha huja moyo wa ng’ombe kutoka buchani, na mimi nasema shule isiyoweza kununua kingine chochote mwaka mzima inunue huo. Ukipasuliwa, wanafunzi hushika kuta zake kwa vidole: ule wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene mno kuliko wa kulia. Mwalimu haelezi. Huuliza damu ya kila upande inakwenda wapi, akanyamaza, mpaka mmoja atambue kwamba kulia hupeleka damu kwenye mapafu, jirani tu, na kushoto huisukuma mpaka kwenye kwato. Hapo ndipo anapowapa habari ninayoiona kuwa kiini cha somo lote. Seli moja ya msuli wa moyo, ikitengwa na kulishwa vizuri kwenye kimiminika kifaacho, huweza kudunda peke yake. Mbili zikigusana, huanza kudunda kwa pamoja. Lakini hakuna seli inayosukuma damu. Kusukuma damu kunahitaji vyumba, vali, na zile kamba nyeupe zinazozuia vali zisipinduke. Ni kazi ya moyo mzima, na ukiitafuta ndani ya seli hutaiona.

Linganisha na sponji: mwaka 1907, mwanabayolojia H. V. Wilson alimkamua sponji wa baharini kupitia kitambaa cha hariri mpaka seli zake zikatawanyika majini. Zikatambaa, zikakutana, zikajijenga kuwa sponji tena. Moyo hauwezi hivyo. Sponji hana ogani, na ndiyo maana kule Jambiani, Unguja, akina mama wanaofuga sponji humkata vipande, wakavitungika kwenye kamba baharini, na kila kipande kikakua.

Walimu wengi huishia kwenye kiumbe. Wanaoendelea juu ndio ninaowasifu zaidi, na hawahitaji mfano wa mbali. Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ukaua ng’ombe na nyumbu kwa pamoja. Kirusi chake ni kidogo hata hakifikii kuwa seli. Lazima kiingie katika seli ya mnyama ndipo kizaliane. Ng’ombe waliozunguka Serengeti walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu wakaongezeka kutoka takriban 250,000 hadi zaidi ya milioni moja katika miaka ya 1970. Wakala nyasi, moto ukakosa cha kuunguza, miche ikanusurika, miti ikaongezeka. Kufikia mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960, huko Muguga nchini Kenya, mtafiti Walter Plowright na wenzake walikuwa wamekikuza kirusi hicho ndani ya seli za figo za ndama, kizazi baada ya kizazi, mpaka kikadhoofika na kuwa chanjo bora. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani.

Ningependa mtihani wa taifa uulize swali moja tu kuhusu mada hii: chanjo ya ng’ombe iliongezaje miti Serengeti? Aliyekariri maneno matano ataduwaa. Aliyefundishwa na mwalimu ninayemsema ataanzia kwenye seli, apite kwa ng’ombe, nyumbu, nyasi na moto, na mtahini hatamkuta ameruka ngazi hata moja.