Mzee wa Bureti

Gunia la pareto likifunguliwa, harufu yake hutangulia. Ni harufu kavu na chungu kidogo, na aliyekulia Molo, Elburgon au Ol Kalou haimpotei. Mzee aliyenifundisha kazi ya maabara mjini Nakuru alikuwa akizamisha mkono guniani hadi kiwiko, akatoa maua ya chini kabisa, kisha ya katikati, kisha ya juu. Aliyamwaga yote kwenye karatasi ya kaki, akayakusanya kuwa kichuguu, akakigawa robo nne kwa ukingo wa rula, akaondoa robo mbili zinazotazamana. Zilizobaki akazichanganya, akagawa tena. Nilipookota ua jeupe lililonivutia akanizuia: "Usichague, kijana. Mkulima hakuleta ua moja."

Alifariki baada ya miaka mingi ya kustaafu. Jina lake silitaji, maana hata kwenye karatasi za majibu aliandika herufi mbili tu, kwa penseli.

Pareto ni mgeni aliyepapenda kwetu. Asili yake ni Dalmatia, kwenye pwani ya bahari ya Adriatiki, na mashamba ya Kenya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1920. Baridi ya nyanda za juu, kuanzia mita 1,800 hivi na kupanda, ndiyo inayoufanya mmea utoe maua. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya pareto ya dunia ilitoka Kenya, na kiwanda kilikuwa hapa Nakuru. Mkulima hakulipwa kwa kilo peke yake. Alilipwa pia kwa kiasi cha pirethrini, ile sumu ya wadudu iliyomo ndani ya ua, ambayo katika maua makavu ni kama asilimia moja na nusu hivi. Kwa hiyo mahindi yangepimwa na mizani ikatosha, lakini pareto ilimhitaji mkemia.

Baada ya kusaga maua, mzee alipima gramu kumi na kitu, akatia unga kwenye kikombe cha karatasi nene na kukiteremsha ndani ya Soxhlet, chombo cha kioo chenye mrija uliopinda ubavuni. Chini yake petroli nyepesi ilichemka polepole, mvuke ukapanda, ukapoa, ukadondokea unga. Kikombe kilipojaa, mrija ulivuta kimiminika chote kwa mkupuo na kukirudisha chini, kikiwa na rangi ya chai hafifu. Kisha kazi ikaanza upya. Iliendelea hivyo kwa muda wa saa saba. Wengine walitoka kwenda kunywa chai. Yeye aliosha vyombo, na wakulima walipofika aliwakaribisha.

Siku moja alikuja mama kutoka upande wa Mau, amekasirika. Maua yake yalikuwa meupe na safi, na bado kipimo kilikuwa cha chini. Mzee alimpa kiti, akachukua ua lake akalipasua kwa ukucha. "Tazama hapa, mama. Nguvu haikai kwenye haya meupe. Iko kwenye vijimbegu hivi, chini ya ule unjano." Akapasua jingine, lililofunguka zaidi, akayaweka mawili hayo kiganjani mwa mama. La kwanza lilikuwa limechumwa mapema; vijimbegu vilikuwa havijajaa. Mama alitazama kwa muda mrefu, akacheka, akasema watoto ndio waliochuma. Mzee hakuinua sauti, na kipimo hakukibadilisha.

Baada ya Soxhlet kulikuwa na kuchemsha pamoja na magadi makali ndani ya alkoholi ili kuzivunja pirethrini na kupata asidi zake, kisha kuchuja, kisha kutikisa ndani ya faneli za kutenganishia. Alishika kizibo kwa kiganja, akageuza faneli kichwa chini, akafungua koki kidogo kuachia mvuke. Ulitoka kwa mlio mfupi, kama mtu anayesonya.

Hatua iliyonikalia akilini ni ya zebaki. Asidi iliyopatikana ilichanganywa na kitendanishi cha Denigès, ambacho ni salfeti ya zebaki, ikafungiwa kabatini gizani kwa saa nzima. Rangi ilianza nyekundu, ikawa zambarau, ikawa bluu, ikaishia kwenye bluu yenye ukijani. Mzee aliijua kila rangi na wakati wake. Ile ya kwanza ikichelewa, alichukua daftari akaanza kutafuta alikokosea yeye.

Mwisho ni bureti, mrija wa kioo wenye alama za kipimo na koki chini. Ndani ya chupa kuna tabaka la klorofomu lenye rangi ya zambarau ya iodini, na iodati ya potasiamu inadondoshwa juu yake. Unadondosha, unafunga kizibo, unatikisa kwa nguvu, unaacha tabaka litulie, unatazama. Mililita moja ya iodati hiyo ni miligramu 5.7 za pirethrini ya kwanza. Tone moja ni robo ya miligramu na ushee. Mimi niliharakisha, zambarau ikatoweka, na sikujua ilitoweka kwa tone lipi. Mzee aliandika "rudia" na kwenda kusaga maua mengine. Yeye alipokaribia mwisho alifungua koki kiasi cha nusu tone kuning'inia, akalichota kwa kuligusisha ukingo wa chupa, akalisafishia ndani kwa maji kidogo. Alitikisa. Akaweka karatasi nyeupe nyuma ya chupa. Alisubiri.

Staudinger na Ruzicka, waliochapisha maumbo ya pirethrini mwaka 1924, wote wawili walikuja kupata Nobeli. Viuadudu vya kutengenezwa viwandani navyo vilikuja, na mashine za kromatografia zikafanya upimaji wa siku mbili kwa dakika chache, bila zebaki. Mzee alizifurahia mashine hizo kwa dhati. Zebaki aliichukia.

Kabla ya likizo alichomoa koki za kioo, akazifuta mafuta, akaweka ukanda wa karatasi kati ya koki na tundu lake ili zisigande. Miaka mingi baadaye nilifungua kabati lile. Bureti zilikuwa na vumbi, karatasi zimegeuka manjano. Nilizichomoa moja moja, nikajaribu koki zote. Zote ziligeuka.