Sakafu Inayong'aa

Katika jokofu la karibu kila maabara inayokuza seli, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Tokyo, utaikuta chupa ya kimiminika cha rangi ya waridi iliyoandikwa RPMI 1640. Herufi hizo ni za Roswell Park Memorial Institute, jina la zamani la taasisi ya saratani iliyoko Buffalo, jimbo la New York. George Moore na wenzake walikiunda chakula hicho cha seli hukohuko na kukitangaza mwaka 1967, walipokuwa wakitafuta namna ya kukuza chembe nyeupe za damu ya binadamu nje ya mwili. Taasisi yenyewe ilianza mwaka 1898. Mwaka huohuo Camillo Golgi, huko Pavia, Italia, alitangaza kwamba ameona wavu fulani ndani ya seli za neva, wavu ambao leo twajua ndipo protini zinapopangwa na kupelekwa kila moja kwake. Ni sadfa tu, ila yanipendeza, kwa sababu siku hizi wapo wanaotafiti mambo hayo mawili kwa pamoja: safari za mizigo ndani ya seli, na jinsi saratani inavyotoboa njia ya kutokea.

Mtafiti wa fani hii anaweza kusomea Louisville, akapata uzoefu Columbus, kisha akafungua maabara yake Buffalo. Yote ni miji ya Marekani. Anapohama, seli zake husafiri zikiwa zimegandishwa ndani ya barafu kavu. Ujuzi wa mikono haugandishwi. Huo anakwenda nao mwenyewe, na wanafunzi wake huupata kwa kusimama kando yake na kumtazama.

Swali la mtafiti huyo ni jinsi saratani inavyotoka ilipo. Seli ya saratani imezungukwa na nyuzi za kolajeni na protini nyingine zilizosukwa zikabana. Ili itoke, sharti izikate. Kimojawapo cha vimeng'enya vinavyokata ni MT1-MMP, kilichotangazwa na Hiroshi Sato, Motoharu Seiki na wenzao wa Kanazawa, Japani, mwaka 1994. Kimeng'enya hiki hakimwagwi nje kama mate. Kimechomekwa kwenye utando wa seli. Hutengenezwa ndani, hupakiwa katika vifuko vidogo sana vya utando, na vifuko hivyo huvutwa hadi kwenye vijiguu ambavyo seli huvichomoza upande wake wa chini. Kijiguu kimoja kina upana wa karibu sehemu moja ya elfu ya milimita. Wen-Tien Chen, aliyevichunguza miaka ya 1980, alionyesha kwamba kinachokanyagwa na vijiguu hivyo huliwa.

Asubuhi kazi huanza kwa kutazama. Sahani za plastiki hutolewa kwenye inkubeta, penye nyuzi joto 37 na hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dioksidi, zikainuliwa kwenye mwanga. Waridi ikigeuka njano, chakula kimechachuka na seli zimejaa. Ikiwa na ukungu, huenda bakteria wameingia. Huenda, nasema, kwa sababu Desemba 1963 uvimbe wa saratani uliotolewa kwa mgonjwa huko Uganda ulipelekwa London kwa ndege, ndege ikaelekezwa Manchester kwa ajili ya ukungu wa angani, na kichupa kilipofika maabara majimaji yake yalikuwa yamechafuka. Wengi wangeyamwaga. Mtafiti Anthony Epstein aliweka tone chini ya hadubini kwanza, akaona seli hai zinaelea. Seli zilizokuzwa kutoka hapo ndizo zilizoonyesha, mwaka 1964, virusi vinavyobeba jina lake na la mwenzake Yvonne Barr.

Seli nyingi za fani hii hazielei namna hiyo, zinashika sahani. Mtafiti huzisuuza, huweka kidogo kimeng'enya cha tripsini ili zing'oke, husubiri dakika mbili tatu, kisha hupiga ubavu wa sahani kwa kiganja. Akizidisha muda, tripsini itaanza kuzitafuna protini zilizo juu ya utando, na hizo ndizo anazotaka kuzichunguza. Akipunguza, seli zitang'oka kwa mabonge. Saa ya ukutani haimsaidii sana. Hutazama jinsi kingo za seli zinavyojikunja na kuwa duara, halafu hukata shauri.

Kabla ya hapo, lakini, sakafu ambayo seli zitawekwa juu yake lazima iwe tayari, nami naona sakafu ndiyo kazi yenyewe. Vioo vyembamba vya duara huoshwa kwa asidi ya naitriki, kisha maji mara nyingi. Hupakwa polilisini ili vitu vishike, baada ya hapo glutaraldehaidi ya baridi, juu ya barafu. Gelatini iliyotiwa rangi inayong'aa kijani hupashwa moto hadi ilegee, na matone yake hupangwa juu ya karatasi ya plastiki. Sasa kibano kinashika kioo kwenye ukingo, kinakigeuza, na kukilaza juu ya tone kuanzia upande mmoja, kama mtu anayetandika jamvi asiache mkunjo. Kiputo kimoja cha hewa kikibaki, hapo patakuwa na doa jeusi litakalodanganya kesho.

Kisha huja sodiamu borohaidraidi, ya kuzima glutaraldehaidi iliyosalia, ambayo ingeua seli na kuwaka kwa mwanga wake yenyewe. Dawa hii huchemka povu dogodogo na kuvinyanyua vioo vielee. Mwanafunzi mgeni hukimbilia kuvizamisha kwa ncha ya kibano, akakwaruza gelatini. Mwenye uzoefu huigusisha sahani na meza, taratibu, hadi viputo viachie vyenyewe. Baadaye vioo huoshwa, huuliwa vijidudu kwa alkoholi ya asilimia 70, na kuloweshwa kwenye chakula cha waridi. Seli humwagwa juu, chache, zisikanyagane. Halafu kungoja: saa kadhaa kwa seli kali, usiku mzima kwa nyingine.

Muda ukitimia seli hugandishwa zilivyo kwa kemikali, na nyuzi zao za aktini, zinazosongamana kwenye vijiguu, hupakwa faloidini nyekundu, ambayo asili yake ni sumu ya uyoga unaoua watu. Chumba cha hadubini hufanywa giza. Sakafu inaonekana kijani, sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, na ndani yake matundu meusi. Tundu lenye nukta nyekundu juu yake ni kijiguu kilichokuwa kikila. Nukta isiyo na tundu ni kijiguu ambacho bado hakijaanza, na tundu lisilo na nukta ni mahali ambapo seli ilikula ikaondoka. Mstari mweusi ulionyooka ni kosa la kibano, na mtafiti mzuri huupita bila kujidanganya.

Jaribio halisi hufuata. Jeni moja inayohusika na usafirishaji huzimwa: moja ya protini za Rab, ambazo binadamu ana zaidi ya 60, au sehemu ya eksosisti, kundi la protini nane linalokishika kifuko kinapofika utandoni. Maabara ya Philippe Chavrier, Institut Curie, Paris, ilionyesha mwaka 2008 kwamba bila eksosisti, au bila protini iitwayo VAMP7, MT1-MMP haifiki vizuri na matundu hupungua. Kando ya kila kioo huwekwa kingine chenye seli ambazo jeni yao haikuguswa, na kingine chenye dawa ya kuzuia vimeng'enya. Wasomaji wa majarida hutazama picha yenye matundu. Mimi hupenda ile ya kioo chenye dawa, isiyo na hata tundu moja, kwa sababu ndiyo inayothibitisha kwamba sakafu ilitandikwa vizuri.

Sababu ya kushughulika na njia badala ya kimeng'enya chenyewe iko hospitalini. Miaka ya 1990 dawa za kuzuia vimeng'enya hivi, marimastati ikiwemo, zilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani. Majaribio makubwa hayakufaulu, na wagonjwa walipata maumivu ya viungo. Vimeng'enya hivyo vina kazi nyingine mwilini, na dawa hizo zilivizuia vingi bila kubagua. Kwa hiyo Buffalo na kwingineko bado wanauliza ni kifuko kipi, kinapitia wapi, na nani anakifungulia mlango. Jibu huhesabiwa tundu kwa tundu. Majina ya vioo hufunikwa ili anayehesabu asijue kipi ni kipi, halafu jaribio lote hurudiwa kuanzia kuosha vioo, siku nyingine, kwa seli zilizoyeyushwa upya.