Lugha ya Matangazo katika Tovuti za Makampuni

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata kizuri hakijiuzi ikiwa mnunuzi hakifahamu, na hapo ndipo ilipo kasoro ya maelezo mengi ya Kiswahili katika tovuti za makampuni. Msomaji huja akitaka kujua kinachouzwa ni nini, chamfaa nani, na bei yake ni kiasi gani. Badala yake hukutana na maneno ya namna hii: "utoaji wa masuluhisho bunifu yenye viwango vya kimataifa kwa ajili ya uwezeshaji wa wateja". Maneno hayo yaweza kuwekwa katika tovuti ya benki, ya kiwanda cha saruji au ya wakata bima, wala hapana atakayegundua kwamba yamehamishwa.

Walio wengi hudhani kwamba kosa hapa ni uhaba wa msamiati. Sivyo. Maneno yote hayo yamo katika Kiswahili cha leo. Lililokosekana ni kitenzi. Kitenzi cha Kiswahili, kwa kawaida, hubeba kiambishi cha mtenda, na mara nyingi cha mtendwa pia. Kampuni ikisema "tunakukopesha", imekwisha kujitaja yenyewe na kumtaja mteja wake, na msomaji atauliza mara moja: kiasi gani, na kwa riba gani? Ikiandika "utoaji wa mikopo", mtenda ametoweka, mtendwa ametoweka, na swali la riba limezikwa pamoja nao. Basi lugha hiyo nzito si pambo lililozidi tu. Yaweza kumfanya mtu atie sahihi deni asilolielewa.

Mfano ulio kinyume wapatikana katika historia ya M-Pesa. Majaribio ya huduma hiyo yalipoanza nchini Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa hasa kwa kulipia mikopo midogo. Watu waliojaribu wakaitumia kwa haja nyingine, zikiwamo kupelekeana fedha wao kwa wao. Safaricom ilipoizindua Machi 2007, matangazo yake hayakuhesabu kila jambo ambalo huduma iliweza kulifanya, bali yaliwahimiza watu jambo moja: watume pesa nyumbani. Wito huo ulitolewa kwa Kiingereza, lakini ulimgusa kila mfanyakazi wa mjini aliyeacha wazazi shamba, kwa kuwa ulitaja tendo analolijua na mahali anapopajua.

Funzo jingine limo katika simu zenyewe. Orodha ya huduma inayotokea mtu anapobonyeza nambari kama *150*00#, ambayo ni ya M-Pesa ya Tanzania, hupitia njia ya USSD, na ujumbe mmoja wa njia hiyo hauzidi herufi 182, pamoja na nafasi. Ufinyu huo humlazimisha mwandishi achague, naye huchagua kitenzi: tuma pesa, toa pesa, lipa. Tovuti haina mpaka wa namna hiyo, na kwa hiyo mwandishi wake hana budi kujiwekea mpaka mwenyewe.

Yaweza kujibiwa kwamba kampuni kubwa ina huduma nyingi, na kila idara yadai nafasi katika ukurasa wa kwanza. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake ni kuipa kila huduma ukurasa wake, wala si kuzirundika zote katika aya moja. Mshika mbili moja humponyoka.

Kipimo cha maelezo mema si kigumu. Apewe ukurasa mtu asiyeijua kampuni, ausome mara moja, kisha aeleze kwa maneno yake kinachouzwa, kwa nani, na kwa gharama gani. Akishindwa, asilaumiwe yeye wala kisilaumiwe Kiswahili. Ukurasa na uandikwe upya, na uanze kwa Kiswahili, si kwa tafsiri.