Ubao wa Siku za Kawaida

Neno linalouza mbao za mawimbi siku hizi ni "kila". Ubao wa kila wimbi, wa kila msimu, wa kila mtu. Neno hilo hubandikwa hasa kwenye ubao wa mapezi mawili, ule ambao kwa miaka mingi ulionekana kama kitu cha makumbusho na sasa umejaa tena madukani. Wanaousifu hivyo wanaukosea sawasawa na wale waliouzika. Ubao huu haufai kwa kila wimbi. Unafaa kwa mawimbi tunayoyapata siku nyingi, na kwangu sifa hiyo ni kubwa kuliko ile inayotangazwa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuugeuza ubao na kutazama tumbo lake: upande wa tezi huwekwa mapezi. Bila pezi, ubao huteleza ovyo kama sahani iliyolowa. Pezi moja la katikati hushika njia, lakini ubao hugeuka kwa uzito. Mapezi matatu, mawili ya pembeni na moja nyuma katikati, hushika na kugeuka vizuri, ndiyo maana yametawala tangu miaka ya 1980. Ukiondoa lile la katikati, maji hupita mkiani bila kizuizi. Unapata kasi hata wimbi likiwa dhaifu. Unachopoteza ni mshiko: wimbi likisimama kama ukuta, mkia unaweza kuachia na wewe ukaondoka nao.

Ubao ulioitwa "samaki" ulianzia San Diego, California, mwaka 1967. Kijana Steve Lis aliuchonga mfupi na mpana, mkia umepasuka katikati, chini yake mapezi mawili yenye kitako kirefu. Hakuuchonga kwa kusimama. Aliupanda kwa magoti. Mtu aliyepiga magoti yuko karibu na maji na uzito wake uko chini. Anataka ubao unaokimbia moja kwa moja na kushika. Wanaonunua nakala zake leo, kisha wakalalamika kwamba hazigeuki upesi, wanaulaumu ubao kwa kazi ambayo hakutumwa mtu kuutengenezea.

Aliyeufanya ugeuke ni Mark Richards wa Australia. Mwaka 1976 alimwona Reno Abellira wa Hawaii akipanda ubao mfupi wa mapezi mawili huko Australia, akaenda kuchonga wake: mrefu zaidi, mkia mwembamba zaidi, mapezi yaliyosimama wima. Kwa muundo huo akawa bingwa wa dunia mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Kisha ikaja hukumu. Simon Anderson, naye wa Australia, alikuwa mrefu na mzito, na mapezi mawili yalikuwa yakimkimbia miguuni. Mwaka 1980 akaongeza la tatu. Mwaka 1981 akashinda Bells Beach, jimbo la Victoria, siku ambazo bahari ilileta mawimbi makubwa kupita kiasi. Baada ya miaka michache karibu kila mshindani alikuwa amehamia mapezi matatu, na kila anayejifunza akafuata.

Hadithi hii husimuliwa kama mtihani wa haki: mapezi mawili yalipimwa, yakashindwa. Ina tundu moja kubwa. Ubingwa wa dunia wa 1981, mwaka ule ule wa Bells, ulichukuliwa na Richards. Wa 1982 pia. Katika mawimbi madogo na ya wastani aliendelea na mapezi mawili, na alipofika Hawaii penye mawimbi mazito alichukua ubao wa pezi moja. Bingwa mwenyewe hakuwahi kuutaka ubao wake ufanye kila kitu. Sisi ndio tuliompa sharti hilo baadaye.

Sisi wanafunzi wa fasihi tunaifahamu hukumu ya namna hii. Riwaya hupimwa kwa kurasa tatu za kilele, na kurasa mia mbili zinazoibeba hazitajwi. Ubao nao ulipimwa kwa siku moja ya Bells, kisha hukumu ikapelekwa kwa watu ambao maishani mwao hawatasimama mbele ya wimbi kama lile. Kila sifa ya ubao ina wimbi lililofichwa ndani yake. "Unashika" — wimbi gani? "Mzito kugeuka" — juu ya maji yapi, chini ya mwili wa nani? Mhakiki asiyeuliza hivyo hana tofauti na muuzaji.

Wimbi langu mimi ni la Muizenberg, Cape Town, ninakosoma shahada ya uzamili. Nililelewa Tanga, penye mwamba unaovunja mawimbi mbali na ufuo, kwa hiyo mchezo huu nimeufahamu ukubwani. Ghuba ya False Bay huyapoza mawimbi kabla hayajafika: siku nyingi hufika magotini au kiunoni, ya polepole, yakijikunja juu ya mchanga. Agatha Christie alijaribu mchezo huu hapa Muizenberg mwaka 1922, kabla hajawa maarufu sana, akilalia kiubao chembamba. Ni ufuo wa watu wa kawaida tangu zamani. Ubao wa mapezi matatu unaopendwa na mabingwa, mwembamba na uliopinda omo, hapa huzama. Huhitaji wimbi liusukume, na wimbi halina msukumo wa kutoa.

Kwa mtu mwenye posho ya mwanafunzi, mjadala huu una bei. Fedha zangu zinatosha ubao mmoja, hazitoshi miwili. Nikinunua ule unaong'aa siku tatu za mwaka, siku zilizobaki nitakuwa mtazamaji. Tena nina kilo 57, na mbao nyingi ninazozikuta dukani zimechongwa kwa kumfikiria mtu mzito kuliko mimi. "Wa kila mtu" ana uzito wake, waulize wepesi.

Basi nikaacha neno "kila" na kutazama mambo matatu. Kwanza, unene chini ya kifua: unapopiga makasia kwa mikono, hapo ndipo ubao hukubeba au hukukwamisha. Pili, mpindo kutoka omo hadi tezi. Ubao ulionyooka zaidi hukimbia kwenye maji yaliyolala. Uliopinda huingia vizuri kwenye wimbi lililosimama. Tatu, mapezi yenyewe. Yenye kitako kirefu hupenda mistari mirefu. Yaliyosimama wima hugeuka. Mapezi huuzwa kwa kadiri ya uzito wa mtu, na makubwa kuliko uzito wako huufanya ubao uwe mbishi.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Katika filamu ya *Litmus*, ya 1996, Derek Hynd anaonekana juu ya ubao wa samaki huko Jeffreys Bay, nchini hii hii ya Afrika Kusini, na Jeffreys Bay si maji ya kuchezea. Filamu hiyo iliwarudisha wengi kwenye mapezi mawili. Je, haithibitishi kwamba ubao huu unaweza kila kitu? Tazama wimbi lenyewe. Ni refu, linakimbia upande mmoja kwa kasi, na linamwachia mpandaji nafasi ya kuchora mstari mrefu. Ndiyo kazi ambayo muundo wa Lis huipenda. Kwa hiyo swali si ukubwa peke yake, ni umbo pia. Wimbi fupi linaloanguka ghafla linaweza kuushinda ubao huo huo hata likiwa dogo.

Wahenga walisema kila mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wachongaji wa leo nao wamerudi katikati: mkia usiopasuka sana, mapezi yaliyosimama kiasi, na mara nyingi tundu la pezi dogo la tatu kwa siku ambazo mkia unahitaji nanga. Huo ndio ninaopendekeza kwa mtu wa mawimbi ya kiunoni, urefu ukaribiane na kimo chake. Wangu una futi 5 na inchi 6.

Umenipa Jumanne na Alhamisi, siku ambazo hakuna anayepiga picha. Bahari ikija na mawimbi ya mita mbili sitauomba uwe kitu kingine. Nitaazima ubao mwingine, au nitakaa mchangani kutazama wanaojua, na sitaandika popote kwamba ubao wangu umeshindwa.