Ulingo na Nyumba ya Mtini

Katika Kiswahili cha mjini neno ulingo humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye masumbwi. Wengine wamelipandisha daraja zaidi, nao husema juu ya ulingo wa siasa. Mkulima wa Singida akilisikia neno hilo hufikiri kwanza juu ya shamba lake la mtama. Kwake yeye ulingo ni jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya masuke, ambapo mlinzi husimama toka alfajiri hadi jua kuzama, akiwafukuza ndege. Tunakusudia kuutazama ulingo huo kama jengo, na kuuhukumu kama jengo linavyostahili kuhukumiwa.

Yatupasa kufanya hivyo kwa sababu imeenea fikira kwamba nyumba ya mbao iliyopandishwa juu ya mti, ikakaa kimya ndani ya maumbile bila kuyasumbua, ni ubunifu wa wageni wenye fedha. Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa atoe mfano, atataja hoteli ya watalii. Hatamtaja shangazi yake aliyelinda uwele. Wala hatuwezi kumlaumu, kwa kuwa vitabu alivyopewa vimemwonyesha hoteli, na ulingo vimeuacha shambani.

Basi na tuanze na hoteli yenyewe. Nyumba ya mtini iliyopata sifa kuu katika Afrika ya Mashariki ni Treetops, katika msitu wa Aberdare huko Kenya. Ilijengwa mwaka 1932 na Eric Sherbrooke Walker, mwenye hoteli ya Outspan mjini Nyeri. Hapo mwanzo ilikuwa na vyumba viwili tu, vilivyopachikwa katika matawi ya mti mkubwa ambao Wakikuyu huuita mugumo, mbele ya dimbwi la maji. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 alikuwamo humo Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Baba yake alifariki usiku huo, naye akashuka ngazi hali amekwisha kuwa malkia, ijapokuwa habari ilimfikia baadaye. Mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliiteketeza nyumba hiyo kwa moto. Mwaka 1957 ikajengwa nyingine, kubwa zaidi, ng'ambo ya pili ya dimbwi, ikisimama juu ya nguzo.

Mjenzi wa Treetops hakukosa ustadi. Mbao zake zilifuata mwendo wa matawi, na mgeni aliyekaa barazani aliweza kumwona kifaru akinywa maji bila ya kumshtua. Kwa jicho la msanifu hilo ni jambo zuri. Lakini mti ule haukuwa mti tu. Wakikuyu walikuwa na desturi ya kuomba na kutoa sadaka chini ya mugumo, na mtu hakuukata ovyo. Kuufanya mti wa namna hiyo kuwa nguzo ya chumba cha kulala wageni, katika nchi ambayo ardhi ya wenyeji ilikuwa imechukuliwa, ni kupatana na majani na kugombana na watu. Hata majani yenyewe hayakusalimika. Chumvi iliwekwa karibu na maji ili kuwavuta wanyama, tembo wakaja kwa wingi, na miti ya jirani ikabambuliwa na kuangushwa. Jengo lililokusudiwa kuutazama msitu lilisaidia kuuondoa msitu mbele ya macho yake.

Je, nyumba ya namna ile ingefaa Singida? Singida si Aberdare. Hapa mvua ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida haizidi sana milimita 500 hadi 800 kwa mwaka. Ardhi ni uwanda wa juu wenye majabali, migunga na vichaka, na upepo wake wajulikana na kila apitaye. Mti pekee ambao kwa unene wake ungeweza kumshawishi mjenzi ni mbuyu. Na mbuyu ungemhadaa. Mti wake ni laini, umejaa maji kama sifongo, haushiki msumari kwa muda mrefu. Isitoshe, mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, yaani katika miezi ileile ambayo mtu hutamani kivuli kuliko kitu kingine chochote. Mgeni angelala juu ya mti ulio uchi, akipigwa na jua la Oktoba.

Wanaoujua mbuyu hawajengi nyumba juu yake. Wahadzabe, ambao baadhi yao huishi upande wa Mkalama, huukwea kutafuta asali. Huchonga vigingi vya mti mgumu, wakavipigilia katika shina kimoja baada ya kimoja, na kupanda juu yake hadi kwenye mzinga. Ulaini unaomshinda mwenye misumari ndio unaomfaa mwenye kigingi. Gome la mbuyu lina tabia ya kupona majeraha, na mti huendelea kuishi.

Sasa tuutazame ulingo. Nguzo zake ni nne, kila moja ikiwa na panda juu. Katika panda hizo hulazwa miti miwili, na juu yake fito, zikafungwa kwa kamba za magome. Hakuna msumari. Ngazi ni mti wenye visiki vya matawi, au vipande vilivyofungwa kwa kukingamana. Paa likiwapo ni la nyasi au matawi, nalo hutiwa upande wa jua tu, kwa maana mlinzi ahitaji kuona pande zote. Kimo chake hakikuamuliwa kwa kupenda: chapimwa kwa urefu wa mtama uliokomaa, ukiongeza kimo cha mtu aliyeketi. Upepo hupita kati ya fito, kwa hiyo jengo jepesi kama hili halipambani nao. Kila kipande kina sababu yake, na sababu hiyo imo shambani.

Adui naye tumjue. Kweleakwelea ni ndege mdogo mwenye uzito wa gramu 20 hivi, naye hula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku. Lakini hatembei peke yake. Kundi la ndege milioni moja laweza kumaliza tani 10 kati ya mapambazuko na machweo. Mlinzi mwenye kombeo na donge la udongo, akiwa ameinuliwa kimo cha mtu mmoja na nusu, huliona wingu hilo kabla halijatua. Yule wa chini, aliyezungukwa na mabua, hulisikia likiwa limekwisha tua. Tofauti ya hao wawili ni chakula cha nyumba nzima.

Hata hivyo hatutaki kuungana na wale wanaosifu kila cha jadi kwa kuwa ni cha jadi. Aliyeketi juu ya ulingo mara nyingi alikuwa mtoto. Masuke hukomaa wakati shule zimefunguliwa, na ndege hawangoji Jumamosi. Serikali ilipotangaza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, na sheria ya mwaka 1978 ikafanya mahudhurio kuwa ya lazima, walimu wa mikoa ya mtama walijua vema madawati yalikuwa yanaachwa wazi kwa ajili ya nini. Mzazi aliyemweka mtoto ulingoni hakuidharau elimu. Alikuwa akichagua baina ya njaa ya mwaka huu na ujinga wa miaka ijayo. Mwandishi atakayeusifu ulingo asimtaje mtoto huyo, ameusifu nusu. Wakulima wengi wamegeukia mahindi, ambayo kweleakwelea hayamwelekei, na serikali imetumia ndege za kunyunyizia sumu dhidi ya makundi makubwa. Mahindi nayo hushindwa na ukame mapema kuliko mtama, kwa hiyo ulingo haujafutika.

Yuko atakayeuliza: msanifu kijana akitaka leo kujenga nyumba ya mbao ya kukaa juu Singida, afanye nini? Tungemwambia asiuguse mbuyu, bali asimamishe nguzo zake kando, upande ambao shina litampa kivuli cha alasiri hata majani yakipukutika. Sakafu iachie nafasi za upepo. Nguzo zinazoingia ardhini ziwe za mti ambao mchwa wanauchelewa, kama mpingo, na ziwe chache, kwa kuwa mpingo hukua polepole mno na nchi hii haina miti ya kuchezea. Tembe za wazee wetu, zenye paa la udongo, zilihitaji nguzo nyingi kubeba uzito wa udongo ulioloa. Zilikuwa na baridi mchana na joto usiku, lakini zilikula miti. Ulingo hula kidogo. Tena haudai kudumu. Mtama ukishavunwa, kamba hukatwa, fito huenda jikoni, na nguzo zenye panda nzuri hubebwa begani hadi nyumbani, zikaegemezwa ukutani kungoja mvua.