Silabi Iliyosahauliwa: Tahakiki ya Jedwali la Ba-Be-Bi-Bo-Bu

Imezoeleka miongoni mwetu kudai kwamba Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa; kwa hiyo mtoto akishakariri ba, be, bi, bo, bu, huhesabiwa kuwa amejua kusoma. Dai hili lina ukweli wake: silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, nazo irabu ni tano tu. Hata hivyo, jedwali hilo huacha nje silabi moja ambayo mtoto hukutana nayo mapema mno.

Maneno mtu, mti, mkono na mtoto huanza kwa m iliyo silabi kamili isiyo na irabu. Mtoto aliyefunzwa kwamba kila konsonanti hufuatwa na irabu atasoma "mutoto". Nasi hukimbilia kuilaumu lugha ya kwao, hata kumwadhibu. Lugha hiyo yaweza kuchangia, lakini mtoto ametii alichofundishwa.

Tena, kuongeza m katika jedwali hakutoshi. Neno mbuni lenye maana ya ndege lina silabi mbili, mbu-ni. Lenye maana ya mti wa kahawa lina tatu, m-bu-ni. Maandishi ni yale yale. Maana ndiyo iamuayo.

Hatusemi jedwali litupwe. Twasema lipanuliwe, na mtoto alisikie neno na kulitamka ndani ya sentensi kabla ya kulikata vipande. Kusoma ni kufahamu. Anayeimba jedwali kwa moyo bado hajasoma.